Ugali wa uwele na mlenda: kibanda cha mama lishe jirani na Soko la Majengo, Dodoma

Abiria wengi wanaopita Dodoma kwenda Singida au Mwanza hula chipsi mayai stendi, wakaondoka wakidhani mji huu hauna chakula chake. Ukiwa na saa mbili mkononi, panda bodaboda kutoka stendi ya Nanenane mpaka Soko la Majengo. Pembeni ya soko kuna kibanda cha mabati chenye mabenchi mawili, hakina bango. Waulize wauza nafaka. Wali maharage upo, ni wa kawaida tu. Agiza ugali wa uwele na mlenda.

Uwele unastahimili ukame, ndiyo maana Wagogo hawajauacha. Shida yake iko kwenye unga. Kiini cha uwele kina mafuta mengi, hivyo unga ukikaa kwenye joto huvunda upesi na ugali unakuwa na uchungu unaong'ang'ania kooni. Mama wa hapa husaga kidogo kidogo. Kabla ya kupeleka mashine hupeta, huosha na kuanika, maana uwele ukipurwa chini hubeba mchanga. Tonge lake halikwaruzi jino hata mara moja. Rangi ni ya kijivu, usishtuke.

Ila kipimo cha mpishi ni mlenda. Anapika ule wa unga: majani yaliyokaushwa, yakatwangwa na kuchekechwa. Nusu lita ya maji ikichemka, anatia magadi ya kubana kwa vidole viwili na nyanya moja iliyokatwa, kisha vijiko viwili vikubwa vya unga wa mlenda, akiunyunyiza huku anakoroga. Ukimwagwa kwa mkupuo unashikana madonge, nje yamelowa, ndani makavu. Sufuria haifunikwi, kwani povu hupanda ghafla na kuzima jiko. Mwisho zinaingia karanga zilizosagwa, vijiko vitatu, moto mdogo, kama dakika kumi hivi mpaka harufu ya ubichi iishe. Magadi yakizidi, mlenda unakuwa na ladha ya sabuni. Hapa hayazidi. Ukichovya tonge unavutika uzi mrefu. Zungusha mkono kidogo ukatike, ndipo upeleke mdomoni.

Kuku wa kienyeji ni mzuri pia, lakini jogoo aliyekomaa anataka zaidi ya saa moja jikoni. Agiza kwanza, ndipo uzunguke sokoni. Ukimharakisha mpishi utaletewa nyama ngumu, na kosa litakuwa lako. Maziwa mgando yapo siku nyingi, si zote.

Kasoro kubwa ni mlenda wa alasiri. Kuanzia saa nane unapashwa tu, na mlenda ukichemshwa tena na tena unapoteza mvutano, unabaki maji ya kijani. Fika kati ya saa sita na saa saba na nusu. Kivuli nacho ni haba, na wateja wakijaa unakula umesimama.

Wa kubeba safarini aje na bakuli lenye mfuniko unaobana; mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na mlenda kwenye karatasi haubebeki. Ugali uufunge kwenye kitambaa safi ungali wa moto, la sivyo utaota ngozi ngumu kabla hujafika Manyoni.