Ripea kiti ya kabureta ya Yamaha 15: gasketi nzuri, sindano ipime kwanza

Mashine yangu ni Yamaha Enduro ya farasi 15, ile ya kuchanganya petroli na oili, silinda mbili na kabureta moja, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Inasukuma boti ya faiba ya futi 20 hapa Kilindoni, Mafia. Kuanzia Oktoba mpaka Machi papa potwe wanakuwa karibu na pwani yetu, nami napeleka wageni kuwaona. Kazi hii inataka mashine inayoshika sailensa, yaani inayonguruma polepole bila resi na isizime. Wageni wakishashuka majini, boti inasubiri pembeni, mkondo unaivuta, na wakikuita unatakiwa utie gia papo hapo. Msimu uliopita mashine yangu ilikuwa inawaka kwa choki tu. Ukirudisha choki, inazima. Siku moja ilizima wageni wanne wakiwa majini. Nilivuta kamba mara kumi na moja huku naviona vichwa vyao vinazidi kuwa vidogo. Usiku ule sikulala. Ndiyo sababu naieleza kwa kirefu ripea kiti niliyonunua, yaani pakiti ya vipuri vidogo vya kukarabati kabureta, maana yuko mwenzangu atakayeikuta pakiti hiyohiyo dukani.

Kwanza nilimwita fundi. Alifungua kabureta palepale ufukweni, akachukua waya wa breki ya baiskeli, akausukuma kwenye jeti kubwa, kidude chenye tundu dogo la kupitisha petroli, mpaka ukapita. Mashine iliwaka, lakini ikatoa moshi mwingi, plagi zikawa nyeusi zimelowa, na dumu la lita 20 likawa linaisha safari haijakamilika. Jeti ni shaba laini, tundu lake limepimwa kiwandani, na namba yake imegongwa juu yake. Waya wa chuma ukilipanua kidogo tu, namba ile haina maana tena. Jeti iliyoziba nusu ni mbaya zaidi. Kwenye mashine ya kuchanganya, oili inapita tundu lilelile la petroli, kwa hiyo petroli ikipungua na oili imepungua. Pistoni inakauka ikiwa kwenye resi, inashika, na hapo hesabu yake si ya ripea kiti tena.

Baada ya hapo niliamua kufanya mwenyewe.

Kiti niliinunua Kariakoo, upande wa Gerezani, shilingi 35,000. Pakiti nyeupe, haina jina la kiwanda, imeandikwa tu kwamba ni ya farasi 9.9 na 15. Ndani mna gasketi za kikombe (kile cha chini ya kabureta kinachokaa petroli) na ya kukalia kwenye mashine, sindano inayofungulia na kufungia petroli pamoja na kikalio chake, pini ya floti (boya linaloisukuma sindano), raba tatu za mviringo na skrubu nne. Jeti hamna, nami nilidhani zimo. Ile iliyopanuliwa na waya niliibadilisha kwa jeti halisi ya Yamaha, nikiifuata namba iliyogongwa kwenye ya zamani.

Kazi tuliifanyia uani, si kwenye boti. Jiko la mkaa lilizimwa kwanza. Mpwa wangu alileta sinia la zamani, tukatandika kitambaa cheupe ili kila kidude kionekane kikidondoka. Kabureta yenyewe inatoka kwa nati mbili tu, ukishachomoa mpira wa mafuta na vile vyuma vya choki na resi. Vipige picha kwa simu kabla hujavigusa. Kuna skrubu ndogo ya mchanganyiko wa sailensa: kabla ya kuitoa, ifunge polepole mpaka ikae, huku unahesabu mizunguko, ili ujue pa kuirudisha. Yangu ilikuwa mmoja na robo tatu. Mpwa wangu aliandika kwenye kiganja chake.

Kikombe kilipofunguka niliona aibu kwa jinsi nilivyoiacha mashine ile miezi ya kusi na petroli ndani. Chini kulikuwa na ute wa rangi ya chai, umeganda kama utomvu wa korosho, na pembeni unga mweupe wa chumvi. Harufu haikuwa ya petroli tena, ilikuwa kama ya rangi ya milango. Nikaichomoa jeti ndogo, ile ya sailensa, nikaielekeza juani. Giza. Niliiloweka kwenye petroli safi usiku kucha, asubuhi nikapitisha mshipi wa nailoni, ule mwembamba kabisa, kwa sababu nailoni haikwangui shaba. Nikaipuliza kwa pampu ya baiskeli. Nilipoielekeza tena juani, ikatoka nukta moja ya mwanga, ya mviringo, haina hata kinyweleo. "Mjomba, lete na mimi nione," akaniambia mpwa wangu, na tukapokezana pale kama watoto.

Sasa nirudi kwenye kiti. Gasketi ni nzuri kabisa. Zimekaa sawasawa kwenye kila tundu, na mpaka leo kikombe hakijavuja tone. Raba hazina tatizo. Skrubu sikuzitumia: ni laini, ya kwanza tu ilianza kuliwa kichwa. Nimerudisha za zamani, na nimenunua bisibisi ya nyota ya Kijapani, kwa sababu nyota ya skrubu za Yamaha haifanani sawasawa na ile ya bisibisi zetu za kawaida.

Sindano ndiyo iliyonisikitisha. Baada ya kuifunga niliigeuza kabureta kichwa chini ili floti iifunge kwa uzito wake, nikapuliza kwa mdomo pale yanapoingilia mafuta. Hewa ilipaswa kukataa. Ikapita, tena kwa sauti. Nikarudisha ya zamani, ambayo ncha yake ilikuwa imeshajichora mduara, nayo ikazuia vizuri kuliko mpya. Ningeifunga bila kupima, petroli ingefurika na kumwagika kwenye boti yenye watu. Kipimo hiki ni cha dakika moja. Kifanye hata kama kiti yako imetoka kwenye duka unaloliamini. Baadaye nilitia sindano halisi.

Mashine tuliijaribu kwenye pipa la maji, maana ukiiwasha kavu unaunguza pampu ya maji. Ikakojoa maji ya kupozea vizuri, choki ikarudi, na sailensa ikashika. Tuliiacha robo saa nzima tunaisikiliza tu. Wiki mbili baadaye nikatoa plagi: kahawia, kavu.

Usikimbilie kununua kiti yoyote kabla hujatazama vitu hivi. Kizibo cha hewa cha tenki kimefunguliwa? Ukitia petroli kwenye chupa nyeupe na kuiacha itulie, kuna maji chini? Na mashine ikitaka kuzima, minya balbu ya mafuta: ikifufuka kila unapominya, angalia kwanza pampu ya mafuta na mipira inayovuta hewa. Kabureta huenda haina kosa.

Kwa shilingi 35,000, nimenunua gasketi na raba, basi. Kiti halisi ni ghali zaidi, lakini ukijumlisha sindano uliyolazimika kuiongeza, tofauti inakuwa ndogo. Anayevuka kwenda Nyamisati, kule bara, au anayebeba watu, anunue halisi. Wa kuvua karibu na pwani, kiti hii itamtosha, ilimradi sindano ameipuliza.

Nilipokwenda tena Dar nilimpelekea muuzaji ile sindano, pamoja na video niliyorekodi hewa ikipita. Aliitazama mara mbili, akaipokea, akanipa plagi mbili badala yake.