Kapasita mbili za faradi 1 kwenye muziki wa gari, uzoefu wangu

Wakuu, nina miezi mitano na hizi kapasita. Noah yangu ina sabufa na amplifaya ya wati 400, besi ikipiga tu taa za mbele zinafifia, muuzaji akaniambia chukua mbili ufunge sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), moja 80,000, "zinatunza moto kama betri ndogo". Nikabeba.

Hapo kwenye betri ndogo ndo watu wanapigwa. Ukifunga sambamba volti inabaki ileile kwa zote, faradi (kipimo cha uwezo wa kapasita kutunza chaji) ndo zinajumlishwa, 1 na 1 inakuwa 2. Nishati ni nusu ya faradi mara volti mara volti, so gari ikiwa inanguruma kwenye volti 14 unapata nusu ya 2 mara 196, yaani jouli 196. Betri yangu ya volti 12, 60Ah, ina kama jouli milioni 2.6. Havikaribiani kabisa.

Na hizo 196 ni kama maandishi ya kwenye kopo ni ya kweli. Mimi nilipima, nikachaji kila moja kwa betri ya 12.6 kupitia rezista ya omu 30 (weka ya wati 10, inachemka), nikaangalia mita mpaka ifike karibu volti 8, maana hapo ndo asilimia 63 ya volti za betri, na sekunde za kufika hapo ni omu mara faradi. Faradi 1 kamili ingechukua sekunde 30. Moja ilichukua 28, nyingine 19!! Ukigawa kwa 30 ni 0.93 na 0.63, jumla 1.56 badala ya 2. Kwa volti 14 ni jouli 153 tu. Hiyo ya 0.63 iliniuma sana, bei ni ileile.

Kitu kingine, msiunganishe iliyojaa na iliyo tupu moja kwa moja. Nilifanya hivyo, ikapiga cheche ikatoboa ncha ya waya, mita ikasoma 7.5. Piga hesabu uone: iliyojaa ilikuwa ile ya 0.93 kwa volti 12.6, kwa hiyo mwanzo zilikuwepo jouli 74, baada ya kuunganisha zikabaki 44, hizo 30 zimeondoka kwenye cheche na joto. Chaji zote mbili kwanza kwa rezista, zikilingana volti ndo ufunge.

Sasa kazini zikoje? Gari haiachii volti ishuke mpaka sifuri, inashuka labda kutoka 14 hadi 12, kwa hiyo unachopata kweli ni nusu ya 1.56 mara (196 toa 144), jouli 40. Kwa wati 400 hiyo ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani mdundo mmoja mfupi, na kwa huo mdundo zinasaidia kweli, taa hazikonyezi kama zamani. Wimbo wenye besi ndefu bado zinafifia. Kilichomaliza tatizo ni fundi kubadilisha waya wa betri na wa bodi akaweka minene, 35,000 na ufundi juu. Ningeanza na waya, halafu kapasita moja, tena ningeipimia palepale dukani kabla sijatoa hela.