Saraka gani za mtandaoni zinafaa kuweka websaiti yako: kuanzia za bure mpaka zile usiziguse kabisa

Wenye biashara ndogo wengi wakishatengenezewa websaiti, kitu cha pili wanachouziwa ni "usajili wa dairektori". Unaambiwa toa dola kadhaa tukuweke kwenye saraka 500, yaani orodha za biashara za mtandaoni zenye linki ya kwenda kwenye websaiti yako, na kwa kuwa Google huhesabu linki hizo itakupandisha juu. Sasa mimi naziweka hizi saraka kwa mpangilio wangu, ipi inastahili muda wako na ipi inastahili hela yako, na kipimo changu ni kimoja tu: je, kuna mteja wa kweli anayepita hapo? Kama yupo, linki ina faida hata Google wasipoihesabu. Kama hayupo basi unajaza fomu tu.

Nitatumia mfano wa kampuni ndogo ya utalii pale Moshi, wale wanaopandisha wageni Kilimanjaro, ila mwenye saluni Mwanza au fundi friji wa Mombasa haya yanamhusu vilevile.

Namba moja, na hakuna wa kushindana nayo, ni Google Business Profile, ile iliyokuwa inaitwa Google My Business mpaka 2021. Ni bure. Hii ndo inayokutoa kwenye ramani mtu akitafuta huduma karibu yake, na Google wenyewe wanasema wanaangalia mambo matatu: unachofanya kinaendana na anachotafuta, uko umbali gani naye, na unajulikana kiasi gani. Siku hizi wengi wanaombwa video ya kuthibitisha, yaani unarekodi mtaa, kibao cha ofisi, ndani, na kitu kinachoonyesha wewe ndo mwenye biashara kama kufungua mlango kwa funguo, kwa hiyo kama huna kibao chonga kibao kwanza. Jina andika lile lile la biashara, usiongezee "safari nafuu Kilimanjaro bei poa" maana ni kinyume cha sheria zao na wanaweza kukusimamishia ukurasa. Na mtu akikupigia simu anasema anatoka Google ulipie upande juu kwenye ramani, kata simu, Google wameandika wazi kwamba nafasi hiyo hainunuliwi (matangazo ya kulipia ni kitu kingine na yana alama yake). Duka la mtandaoni tupu, lisilokutana na mteja ana kwa ana, halikubaliwi humu, hilo lijue mapema.

Namba mbili ni ndugu zake wa bure. Bing Places ya Microsoft inakuruhusu kuvuta taarifa zako zote kutoka Google, huandiki upya. Apple Business Connect, inayokuweka kwenye ramani za Apple, ilianza Januari 2023, na kwa mtu wa utalii usiipuuze, wageni wengi wanashuka uwanja wa ndege wa KIA na iPhone mkononi. Halafu OpenStreetMap, ramani huru ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo watu wanaisahau kabisa! Hii ndo ramani iliyo ndani ya Organic Maps na programu nyingine ambazo wapanda milima wanazitumia bila bando. Mtu yeyote anaweza kuongeza biashara yake, na ndo ramani hiyo hiyo ambayo mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, ulichora ndani yake mitaa ya Dar inayokumbwa na mafuriko.

Namba tatu ndo pa kutoa hela kama unayo: saraka za fani yako. Kwa utalii kuna Tripadvisor, kuweka biashara yako ni bure na maoni ya wageni ndo mtaji, kuna SafariBookings ambako wageni wanalinganisha safari, halafu kuna orodha za wanachama za vyama vya kampuni za utalii, TATO kwa Tanzania na KATO kwa Kenya. Ada ya uanachama hulipii linki, unalipia kutambulika, na mgeni anayeogopa kutapeliwa anakwenda kuangalia humo kama kweli upo. Linki inakuja juu ya hayo. Kama fani yako ni nyingine fanya hivi, andika kwenye Google maneno ambayo mteja wako angeandika halafu uone saraka gani zinatokea ukurasa wa kwanza. Hizo ndo za kuhangaika nazo.

Namba nne, saraka za jumla za nchini, zile zenye kila kitu kuanzia hospitali mpaka hadiwea. Za bure jisajili chache tu. Angalizo, jina, anuani na namba ya simu viwe sawasawa kila mahali, ukihama ofisi rudi ukabadilishe kote maana mteja akipiga namba iliyokufa anaenda kwa jirani yako.

Namba tano, saraka za jumla za kimataifa za kulipia. Hapa mimi nasema hapana. Zamani zilikuwa na maana, Yahoo walikuwa wanatoza dola 299 kwa mwaka na watu wanalipa, ila Yahoo Directory ilifungwa mwishoni mwa 2014 na DMOZ, saraka nyingine kubwa ya zamani, ikafuata Machi 2017. Ukiyakuta majina hayo kwenye orodha ya muuzaji leo, huyo hajui anachouza au anakudanganya. Na ukiambiwa lipa upate linki ya "dofollow", yaani linki ya kawaida ambayo Google wanaweza kuihesabu, elewa kwamba linki iliyonunuliwa ili ikupandishe ndo hasa kitu Google wanakikataza, ya kulipia inatakiwa iwe na alama ya nofollow au sponsored, inayowaambia Google wasiihesabu.

Mwisho kabisa ni vile vifurushi vya saraka 500. Usiviguse hata vikiwa dola tano. Google wametaja saraka za ovyo waziwazi kwenye sera yao ya linki taka, na tangu Penguin, mabadiliko waliyoyafanya Aprili 2012 kupambana na linki hizo, websaiti nyingi zilizojazwa linki za namna hii zilishuka vibaya. Siku hizi mara nyingi wanazipuuza tu, maana yake hela imeenda na hakuna kilichosogea. Fungua moja ya saraka hizo uangalie majirani zako humo: kamari, dawa za nguvu za kiume, mikopo. Kampuni yako ya mlimani inakaa hapo kufanya nini?

La mwisho, popote unapojisajili tumia imeili ya biashara yako, siyo ya fundi aliyekutengenezea websaiti. Kwenye Google unaweza kumwongeza fundi kama meneja bila kumpa nywila, wewe ukabaki mmiliki, na siku mkiachana unamtoa tu.