Laptopu yako ya zamani iwekewe mfumo gani? Mpangilio wa mnunuzi wa Dar

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo haizikubali rasmi laptopu nyingi ambazo bado zina nguvu. HP EliteBook 840 G3 na ThinkPad T460, kwa mfano, zina prosesa za Intel za kizazi cha 6, wakati Windows 11 karibu yote inaanzia kizazi cha 8. Ukiuliza utaambiwa ununue nyingine. Mimi nasema subiri kwanza. Mifumo endeshi ninayoipanga hapa, ya kuchukua nafasi ya Windows, ni ya bure. Hela yako itakwenda kwenye SSD (diski ya kisasa), RAM (kumbukumbu ya kazi ya laptopu) na bando, na hayo matatu ndiyo niliyoyatumia kuamua nani awe wa kwanza.

Ukiwa ndani ya Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua Performance. Utaona RAM ni GB ngapi na kama diski ni HDD au SSD. Ikiwa ni HDD, nunua SSD kabla ya kufikiria mfumo wowote. Ndani ya HDD kuna sahani inayozunguka na kichwa kinachosoma. Programu zikiomba faili ndogondogo nyingi kwa mpigo, kichwa kinahangaika huku na huku na wewe unabaki kuitazama skrini. SSD haina kinachozunguka. Ya GB 240, SATA ya inchi 2.5, inatosha kabisa kwa laptopu nyingi za umri huo.

Kwenye RAM kuwa makini zaidi, maana hapa watu wanapoteza hela. Laptopu nyingi za Intel kizazi cha 4 zinataka DDR3L ya volti 1.35. DDR3 ya kawaida, ya volti 1.5, inaingia kwenye sloti vizuri tu, halafu mashine inaweza kugoma kuwaka. Ukiwa Kariakoo soma lebo mwenyewe: iandikwe PC3L, siyo PC3. ThinkPad T440 ina GB 4 zilizochomelewa kwenye ubao na sloti moja tupu au yenye kipande. Ukiweka GB 4 hapo unapata 8. Mwambie fundi, "Kaka, ichomeke na uiwashe nikiona," ndipo ulipe.

Namba 1: Linux Mint, toleo la Xfce

Kwa mwenye RAM ya GB 4 na kuendelea, sina shaka hata kidogo. Xfce ni mwonekano wake mwepesi. Menyu iko chini kushoto, upau wa kazi uko chini, na aliyezoea Windows 7 hatapotea. Matoleo ya Mint 22 yamejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, na yatapata masasisho hadi 2029. Faili ya kushusha ni takriban GB 3, kwa hiyo tumia Wi-Fi ya ofisini au bando la usiku. Ila ukishaishusha, Firefox (kivinjari) na LibreOffice (ya kuandikia, kama Word) zimo humo humo. Unasakinisha na kuanza kuandika barua bila MB hata moja ya ziada, na kwa mtu anayenunua bando la siku, hilo ni jambo kubwa.

Wengi wanaogopa LibreOffice kwa sababu ya Word. Hofu hiyo ina msingi mmoja wa kweli, nao ni fonti. CV iliyoandikwa kwa Calibri ikifunguliwa bila Calibri, mistari inasogea na kurasa mbili zinaweza kuwa tatu. Hakikisha fonti za Carlito na Caladea zimo: upana wa herufi zake unalingana na wa Calibri na Cambria, hivyo mistari inakaa ilipokuwa. Na ukienda steshenari kuchapisha, beba PDF. Mambo haya si mageni kwetu, kwani mwaka 2004 mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na LibreOffice imetoka kwenye ukoo huo huo. Ajira Portal na maombi ya mkopo ya HESLB yanafanyika kwenye kivinjari, kwa hiyo hayakudai Windows.

Namba 2: Lubuntu

Ni nyepesi kidogo kuliko Mint na inatumia LXQt, mwonekano mwingine mwepesi. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya snap, njia ya kufungasha programu ambayo Firefox yake inakuja nayo. Snap huchelewa kufunguka mara ya kwanza, hasa kwenye HDD, na hujisasisha yenyewe kimyakimya huku bando likikatika. Unaweza kuizuia kwa amri `sudo snap refresh --hold`, lakini lazima ujue. Tena toleo la 24.04 linapata masasisho ya miaka mitatu tu, hadi Aprili 2027.

Namba 3: antiX

Kwa RAM ya GB 2 au pungufu, na kwa mashine za zamani zenye prosesa za biti 32, hii inapanda kuwa ya kwanza. Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Debian 13 (Linux nyingine) ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. antiX 23, iliyojengwa juu ya Debian 12, bado inacho. Haina mapambo. Fungua kurasa mbili tatu kwa wakati mmoja, usizidishe.

Namba 4: ChromeOS Flex

Ya Google, safi na rahisi, inataka RAM ya GB 4. Haina Play Store, na karibu kila kitu kinategemea intaneti. Ofisi yenye faiba Masaki itaifurahia. Mwanafunzi wa Mbagala anayeunganisha kwa simu atalia na bando.

Kama kazi yako ni programu za uhasibu kama Tally au QuickBooks ya kusakinisha, baki na Windows; hakuna namba yoyote hapo juu inayokufaa.

Usisakinishe kabla ya kujaribu. Andika mfumo kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus, washa laptopu kupitia flashi hiyo, kisha kagua sauti, kamera na Wi-Fi. Wi-Fi isipoonekana, mara nyingi kadi ni ya Broadcom. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering (simu igawe intaneti kwa waya), halafu mwachie Driver Manager wa Mint atafute kiendeshi, yaani programu ya kuifanya kadi hiyo ifanye kazi.

Na diski ya zamani ikishatolewa, usiiache mezani kwa fundi. Ina picha, vyeti na nywila zako zote. Nunua kava lake la USB, iunganishe na laptopu kama diski ya nje, na uhamishe faili zako taratibu ukiwa nyumbani.