Linux Mint kwenye laptopu ya zamani: iliganda, na herufi M ikanila usiku mzima

Laptopu ya mdogo wangu ni ya mwaka 2014. Ilifika huku Lubumbashi ikiwa imeshatumika Ulaya, ina RAM ya giga 4 na kibodi ya Kifaransa, ile inayoanza na AZERTY. Windows 10 iliishiwa na masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikuikubali mashini hii: inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa mpya zaidi. Mdogo wangu yuko katikati ya TFC yake, kazi ya kumalizia masomo ya chuo, pesa ya mashini nyingine haipo. Nikachagua Linux Mint 22.2, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, toleo la Xfce. Ni jepesi, na litapata masasisho hadi 2029.

Faili ni karibu giga 3, nikaiteremsha usiku mtandao unapopumua. Nikaiandika kwenye flashi, nikawasha, orodha ya kuwashia ikatokea, nikachagua mstari wa kwanza. Nembo ikaja, ikatulia. Dakika kumi. Ishirini. Feni inavuma, nabonyeza Caps Lock na kataa kake (taa ndogo ya kitufe hicho) hakawaki. Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini: kataa kakiitika, mashini bado inafanya kazi, vuta subira, kasipoitika, imeganda kweli.

“Yaya, umeiua?” mdogo wangu akaniuliza. Kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

Haikufa. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa kinasomwa kutoka kwenye flashi, diski yake haijaguswa. Nilishuku faili kwanza, nikalinganisha namba zake za SHA256, zile za kuhakiki kwamba faili haikuharibika, na zile za tovuti: sawasawa. Nikajaribu mstari wa pili wa orodha, ule wa mashini korofi, nao ukaganda. Basi ikabaki kadi ya picha.

Dawa yake inajulikana. Kwenye orodha ile unabonyeza E, unatafuta mstari unaoanza na neno linux, unafuta “quiet splash”, mahali pake unaandika nomodeset, kisha F10. Neno hilo linaizuia draiva ya kadi, yaani programu inayoiendesha, isishike kioo mapema. Picha inapita njia ya kawaida tu. Nikaandika. Ikaganda. Nikarudia mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimeshaanza kuamini kadi imeungua.

Mdogo wangu ndiye aliyeinama karibu na kioo, akasoma herufi moja moja: no;odeset. Pale kwenye orodha ya kuwashia, kibodi inahesabiwa kuwa ya Kimarekani, hata kama vitufe vyako vimeandikwa Kifaransa. Ukigonga M inatoka nukta-mkato. M yenyewe imejificha kwenye kitufe cha mkato, kando ya N. Huku kwetu mashini nyingi zina kibodi hii, kwa hiyo nalisema kwa mkazo: kabla ya kubonyeza F10, soma ulichoandika, usitegemee vidole.

Safari hii ikafunguka, maandishi makubwa-makubwa kwenye kioo, lakini ikafunguka. Nikahamisha kwanza TFC kwenye flashi nyingine. Betri yake haifiki nusu saa, nikangoja umeme utulie, nikachagua Kifaransa, nikasakinisha. Hapo hapakuwa na tabu.

Ilipowaka upya, ikaganda tena, na hili ndilo linalowakatisha wengi tamaa. Nomodeset uliyoiandika ni ya kuwasha mara moja tu, haibaki. Nikabonyeza Esc mapema ili orodha itokee, nikaandika tena neno lile, nikaingia, nikaiunganisha na intaneti ya simu, nikafungua kidhibiti cha draiva na kusakinisha ile iliyopendekezwa. Tangu siku hiyo inawaka yenyewe, na kioo kimekaa sawa.

Nimeridhika nayo sana. Mdogo wangu anaandika kwenye LibreOffice, kurasa hazikwami kama zamani. Akienda kuchapisha kwenye sekretaria anabeba PDF, maana huko wanatumia Word na mistari ya majedwali yake ilikuwa inahama.