Fender Telecaster katika muziki wa jazi

Telecaster, gitaa la ubao mzima lililoanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, husifiwa zaidi kwa mlio wake mkali, lakini baada ya kulipiga kwa miezi kadhaa naliona kuwa gitaa la jazi lisilothaminiwa ipasavyo. Mpiga gitaa Ed Bickert wa Toronto alilipigia jazi kwa miaka mingi, akiwa ameweka upande wa shingo pikapu (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ya hambaka, yaani yenye koili mbili.

Kilicholibadilisha langu hasa ni nyuzi: nilipofunga nyuzi nene zilizozungushiwa waya bapa, uzi wa kwanza ukiwa na unene wa inchi 0.012, mkwaruzo wa vidole ulitoweka na kila noti ikajaa. Shingo ilibidi irekebishwe, kwa kuwa nyuzi hizo huivuta zaidi. Natumia pikapu ya shingoni pekee, amplifaya safi yenye trebo (sauti nyembamba) ya chini, na kitufe cha toni kilichopunguzwa hadi nusu (ukikifunga kabisa, kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, hugeuka uji).

Upungufu wake ni kwamba noti hudumu kupita kiasi, halina ule mlio mfupi wa gitaa lenye tumbo wazi, ingawa jukwaani halipigi mayowe sauti inapopandishwa.