Dobi wa mashine na koti langu la mvua: uzoefu wangu

Kama una koti la mvua la maana, lile linalozuia maji na kupitisha jasho, usilikabidhi kwa dobi wa mashine bila kuhakikisha analifulia nini. Na hata ukihakikisha, omba Mungu. Mimi nilisema wazi pale kaunta, watu wakisikia: "Dada, hili lisitiwe ile dawa ya kulainisha na kunukiza nguo." Akaitikia, akaandika kwenye risiti kwa mkono wake. Siku ya kulichukua koti linanukia maua mpaka nje ya mlango. Sitalitaja duka, lakini wa Mwanza mjini wanaopeleka nguo huko wataelewa.

Kazi yangu ni kupeleka dawa za mifugo kwa pikipiki, Mwanza hadi Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 tumepumzika foleni ya kivuko, ila mvua ya ziwani ikikudaka katikati ya zile kilomita 3, huna mti wala kibanda cha kujibanza. Una koti lako tu. Safari ya kwanza baada ya kutoka kwa dobi, mvua ilinidaka palepale. Nikatazama mkono wangu: tone linatua, linatambaa, linazama. Mabega yakabadilika rangi kwanza, kisha kifua, kisha mikono yote ikawa mizito na baridi. Nafika Busisi shati limegandana na mgongo.

Sasa hapa watu wengi husema koti limeanza kuvuja, wanalitupa au wanamwachia shamba boi. Jamani, mara nyingi halivuji! Ndani ya koti la aina hii kuna utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji halipenyi, mvuke wa jasho unapita. Ule wa asili wa Gore-Tex, chapa maarufu ya vitambaa hivi, ulitokana na kazi ya Mmarekani Bob Gore, aliyegundua mwaka 1969 namna ya kuivuta kwa ghafla plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha. Utando huo haufi kirahisi. Kinachokufa mapema ni dawa iliyopakwa kwenye kitambaa cha nje, ile inayofanya tone lisimame duara na kuteleza kama maji juu ya jani la magimbi. Vumbi, moshi, mafuta ya mwili na sabuni isiyosuuzwa vizuri vikiifunika, kitambaa kinakunywa maji. Kikishakunywa, jasho halina pa kutokea, linageuka maji ndani, na unaloa hata kama hakuna tone la mvua lililopenya. Dawa ya kulainisha nguo ni mbaya kuliko vumbi, maana imetengenezwa makusudi ing'ang'anie kwenye nyuzi.

Nilirudi dukani na risiti. Dada yuleyule hakuisoma. Akaendelea kumenya karanga, akasema, "Kaka, nguo ni nguo. Kama hutaki kuloa nunua la nailoni." Nikaomba msimamizi. Huyo alilishika koti kwa vidole viwili, akageuza kola akatafuta lebo, akasema, "Kwanza hili mtumba. Lingekuwa jipya tungeongea." Wateja wakacheka. Ndiyo, nililinunua soko la Mlango Mmoja, kwa jasho langu, na nimelitunza kuliko watu wanavyotunza suti. Nani Mwanza hii havai mtumba? Hela niliyolipa kufulia ina rangi tofauti na ya mwenye koti jipya?

Nililiokoa mwenyewe. Nililifua kwenye beseni kwa sabuni kidogo ya maji isiyo na manukato, maji ya uvuguvugu, zipu zote zimefungwa, halafu nikasuuza, nikasuuza tena mpaka povu likaisha kabisa. Likakauka kivulini. Kisha nikatandika kanga juu yake na kupitisha pasi ya joto dogo, bila mvuke, bila kuituliza mahali pamoja. Joto ndilo linaloiamsha dawa iliyobaki. Nilipomwagia maji kwa kikombe, kifuani yalikimbia yote. Nilipiga kelele mwenyewe uani.

Mabegani hapana. Pale mkanda wa begi umesugua miaka, dawa yenyewe imeondoka, na pasi haiamshi kisichokuwepo. Hapo ni kupuliza dawa mpya. Ukiagiza, tafuta isiyo na florini. Za zamani zilitegemea kemikali za florini ambazo haziozi, na mojawapo ya jamii hiyo, PFOA, iliwekwa mwaka 2019 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kukomesha kemikali zenye sumu zisizooza. Maji tunayofulia yanaishia ziwani, na ziwa hilohilo ndilo tunalokunywa. Kasoro ya hizi mpya ni kwamba hazifukuzi mafuta, kwa hiyo ukishinda Mwaloni kwenye samaki utalazimika kufua na kupuliza mara kwa mara. Afadhali hivyo.

Nilitaka kuwatendea haki wale wa dukani. Mashati yangu ya kanisani wanayanyoosha vizuri sana, kola inasimama, hawajawahi kupoteza hata kifungo. Nilikuwa niandike: mashati wapelekeeni, makoti msiwapelekee. Lakini kila nikikumbuka vile vidole viwili kwenye kola yangu, naona hata shati sitaki walishike. Mtu anayedharau nguo ya mteja mbele yake, akiwa peke yake nyuma kwenye mashine anaifanyaje?

Mashati nimeyahamishia kwa mzee mmoja wa pasi ya mkaa mtaani kwetu. Anachelewesha, na siku za mvua anachelewesha zaidi, lakini ukimwambia jambo analifuata. Koti nafua mwenyewe.